Kwa nini tunarudi kwenye magemu ya zamani wakati mapya yapo? Tupeane uzoefu

Fundi wa Pedi (mleta mada)

Wakuu habari za wikiendi. Kuna kitu nakiona hapa Dar nataka tukiongelee kwa visa, nadharia tuwaachie wenye digrii.

Banda la gemu la mtaani kwetu huku Mwananyamala lina PS4 mbili na PS2 moja iliyofungwa kwenye TV ya chogo. Ile PS2 haipoi. Madogo wanapanga foleni, na siyo madogo tu, kuna watu wazima wana mishahara yao, mmoja najua kabisa kwake ana PS5, anakuja na pensi na ndala kushika pedi ambayo mpira wa analogi umeshachubuka wote umebaki kijiti cha plastiki. Gemu lenyewe PES 6, la mpira, la 2006. Nusu ya wachezaji waliomo humo sasa hivi ni makocha na wachambuzi kwenye TV.

Ukiuliza unaambiwa "kumbukumbu za utoto". Sikatai ila naona ni jibu la kivivu. Tulicheza magemu kibao utotoni, mengine hata majina hatuyajui, mbona hakuna anayeyarudia? Yanarudiwa yaleyale machache. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya gemu lenyewe.

Mimi naanza. Kinachonirudisha ni Masta Ligi, ile sehemu ya PES unayoongoza timu yako msimu kwa msimu. Unaanza na timu ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa popote duniani, Ivarov golini, Minanda kati, Castolo mbele, wote hawajui mpira na hela huna. Huwezi kuingiza kadi ya benki ukanunua mtu. Unateseka na Castolo wako mpaka anaanza kufunga, na akifunga unashangilia kuliko ungefungiwa na Messi. Halafu kesho ukiwasha unamkuta vilevile, hakuna apdeti iliyompunguza spidi usiku. Hilo la kutoguswa ndo hoja yangu kubwa. 2021 Konami wenyewe, watengenezaji wa PES, waliliua jina hilo wakaleta eFootball, la bure na la onlaini, likatoka na nyuso za ajabu mpaka wachezaji wanachekesha kama vinyago, na mwenye la zamani hakupungukiwa kitu, sidii yake ipo kwenye kabati.

Haya tiririkeni. Gemu gani, unalirudia kwa nini, na kisa chako. Kumjibu mtu "utoto tu" bila kisa hairuhusiwi.

Kachero 99

Adriano wa Inter kwenye PES 6. Shuti 99 mguu wa kushoto. Nimemaliza maelezo yangu.

Fundi wa Pedi

Huku kwetu Inter ni marufuku, labda mchukue wote wawili. Watu walishashikana mashati.

Mama Wawili Tabata

Mimi siyo mtu wa mpira, nilikuwa mtu wa TV gemu, zile za kanda, kanda imeandikwa 9999 ndani ya moja ukihesabu ni kama magemu kumi yanazunguka kwa majina tofauti. Kaka yangu alikuwa na Contra, mimi Mario na yule bata wa kulenga kwa bunduki.

Juzijuzi nikawa na wanangu Kariakoo nikaona ile mashine inauzwa, bunduki na kila kitu, nikanunua kwa mbwembwe. Kufika nyumbani Mario fresh, ila bunduki haipigi hata bata mmoja. Watoto wananiangalia. Nikajua nimepigwa, nikairudisha, muuzaji wa watu akaijaribu pale dukani kwenye kitivii chake cha chogo, bata wanaanguka kama mvua. Nikabaki mdomo wazi. Fundi wa jirani na duka lake ndo akanielewesha: ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua halafu panatokea kiboksi cheupe pale alipo bata, bunduki kazi yake ni kuuona ule mwanga. Chogo inachora picha papo hapo. TV bapa inachelewa kidogo, na mwanga wake siyo ule bunduki iliyotengenezewa, kwa hiyo bunduki inaangalia wakati boksi halijafika. Yaani bunduki haina shida, TV yangu ya laki saba ndo haifai.

Ikabidi nikaombe chogo kwa shangazi Mbagala, lilikuwa linakalia ndoo. Bodaboda aliyelibeba alinitoza kama abiria wawili na alikuwa na haki.

Sasa mleta mada umeuliza kwa nini narudi. Kwa sababu mwanangu wa miaka sita ndani ya dakika moja alishaelewa kila kitu bila mimi kufungua mdomo. Mario anaenda kulia, ukigusa yule uyoga mwenye sura mbaya unakufa, ukimrukia anakufa yeye. Basi. Gemu la kwenye simu ya baba yake linamfungulia sarafu, almasi, zawadi ya leo, zawadi ya kesho, angalia tangazo upate uhai, na kucheza kwenyewe hajaanza.

Mwenye Banda Buguruni

Nimecheka hapo kwa ndoo. Machogo sasa hivi ni mali msiyatupe.

Mimi nitaongea kibiashara maana haya magemu ndo yananisomeshea mtoto. Kwangu PS2 mechi ni mia mbili, PS4 ni jero. Mkidhani PS4 inaingiza zaidi mmekosea. PES 6 mteja anakaa, anachagua timu, anacheza dakika kumi, kafungwa, kaghadhibika, analipa tena. Mzunguko ni mfupi. Kwenye mapya kuna kufungua menyu, kuna video, kuna kuchagua jezi na viatu, saa inakwenda na mimi nalipwa kwa mechi. Na pedi ya PS2 ikifa naenda Kariakoo narudi na mpya na chenji ya maji, pedi ya PS4 ikianza kutembea yenyewe natafakari maisha.

Sidii nimeshaachana nazo, lenzi zilinitesa sana, ukaisafisha na spiriti, ukaipulizia, ukageuza mashine kichwa chini ndo inasoma. Sasa hivi nacheza kutoka kwenye hadi diski (hard disk). Na kuna vijana wanakuwekea PES ya zamani yenye vikosi vya msimu huu. Msidhani ni sisi tu, Brazil huko wana Bomba Patch, PS2 hiyohiyo, wanaibadilisha miaka na miaka wanaweka timu zao na watangazaji wao. Sony waliacha kutengeneza PS2 zamani, mwanzoni mwa 2013 habari ilikuwa imeshatoka, na zilishauzwa zaidi ya milioni 150. Mashine zote hizo zitaenda wapi? Zipo kwa watu, zinakula umeme kidogo na zinataka gemu.

Ila kisa changu kikubwa ni memori kadi. Ni ya MB 8 na banda zima linaitegemea. Kuna jamaa dereva wa bajaji alikuwa kwenye GTA San Andreas, lile gemu la maisha ya mtaani na misheni, kwa miezi, anakuja usiku akishafunga hesabu, anacheza misheni mbili anasevu anaondoka. Siku hiyo dogo mmoja kaambiwa kadi imejaa, akafuta faili la juu kabisa. Wakuu, lile jambo lilifika kwa mjumbe. Kweli tena. Mzee wa watu kakaa na daftari lake anauliza "kilichoibiwa ni nini hasa?" na jamaa anajibu "maisha yangu mzee". Mjumbe alikosa pa kuandika. Tulimaliza kwa mama wa dogo kumlipia yule jamaa saa za kucheza upya, na akaanza upya kweli, kuanzia kushuka ndege Los Santos kwenda msiba wa mama. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje ni kumbukumbu za utoto? Alikuwa na ndevu anaanza kulicheza.

Kachero 99

"Maisha yangu mzee" 😂😂 nimesoma kwa sauti ofisini.

dogo wa mbezi

mimi nimezaliwa 2007 nyie wazee mnaongelea utoto utoto, san andreas imetoka 2004 mimi sipo, na ndo gemu naipenda kuliko zote so hiyo ya kumbukumbu mimi sina kumbukumbu. naicheza kwenye simu na pes naicheza kwa PPSSPP, ile app ya kuchezea gemu za PSP (playstation ya mkononi) kwenye simu, kama nusu ya darasa letu. sababu ya kwanza ni bando, gemu mpya ukidaunlodi ni GB mia na kitu na simu yangu yote ni GB 32 na picha za watu humo humo. hii ya PSP unarushiwa faili na mshkaji mkiwa kwenye daladala mmekwama foleni, mkifika kimara unacheza, haiulizi intaneti haiulizi akaunti haiulizi barua pepe

alafu siyo bando tu maana hata wifi ya shule ikiwepo bado naicheza. san andreas unaweza usifanye misheni yoyote, unaiba baiskeli unapanda mlima chiliad jua linazama basi. hakuna mshale unakwambia njoo huku. ila ile misheni ya kufukuza treni na big smoke, mshkaji wako ndani ya gemu anayepiga risasi ukiendesha pikipiki, imenitesa sana, kila mtu anasema big smoke hana shabaha, kumbe ukiisogeza pikipiki ikae mbali na treni pembeni huku anapata pa kulengea anawamaliza, shida unamgandisha kwenye behewa. nimegundua mwenyewe sijaangalia youtube

Fundi wa Pedi

Dogo umenipa silaha. Hii ndo hoja yangu, kama asiye na kumbukumbu nayo anaipenda basi gemu lenyewe lina kitu.

Mzee wa Kebo

Naomba niwapinge kidogo kabla hamjajipongeza. Magemu ya zamani mengi yalikuwa takataka, sema takataka zimesahaulika zimebaki nzuri, halafu tunasimama hapa tunasema "zamani walijua". Miaka ishirini ijayo dogo wa Mbezi naye atasema hivihivi kuhusu ya leo.

Lakini kisa ninacho. Mimi ni wa kompyuta, Age of Empires II, gemu la kujenga himaya na kupigana vita, la 1999. Ofisini kwetu Posta tulikuwa tunavuta kebo kuunganisha kompyuta tucheze pamoja baada ya saa za kazi kusubiri foleni ya magari ipungue, foleni ilikuwa kisingizio, barabara nyeupe saa tatu usiku sisi bado tunajenga kuta. Bosi wetu alikuwa na tabia ya kutuma mapadri wake wanaimba, tembo wako anageuka kuwa wake. Asubuhi unampelekea barua ya likizo akisaini wewe unamwangalia tu. Nalirudia mpaka leo na siyo lilelile, 2019 walilitoa upya kwa picha safi na mashindano yanaendelea duniani. Hilo walilishika kwa adabu.

Kulinganisha, angalieni walichofanya na San Andreas walipolitoa upya 2021. Nililinunua kwa hamu. Mvua ikinyesha huoni barabara. Na kuna jambo hili watu wengi hawalitilii maanani: PS2 ilikuwa na kumbukumbu ya MB 32 tu, haiwezi kuchora ramani yote, kwa hiyo mbali kulikuwa na ukungu. Ule ukungu ndo ulifanya ile dunia ionekane kubwa, unaendesha unasema sijui mbele kuna nini. Kwenye toleo jipya wakautoa ukungu. Ukipanda juu unaona mji huu, jangwa, na mji mwingine kwa mkupuo, kumbe ni kadunia kadogo hivi! Rockstar, wenye gemu, waliomba radhi kwa hali lililotoka nayo na wakarudisha yale ya zamani kwenye duka lao la kompyuta, na taa na mwonekano wa kizamani walikuja kuuweka baadaye sana, 2024. Kwa hiyo unaweza kurudisha gemu na ukakosa kilichokuwa kinakurudisha.

Kachero 99

Mzee umeongea kitu. Nami niache utani. Mimi vidole ndo vinanirudisha. Nilikuwa na daftari la msamiati la shule, nyuma nimeandika chiti zote za San Andreas, zile kodi za kubonyeza upate hela na silaha. Daftari lilishapotea, na ukiniuliza sasa hivi chiti ya hela siwezi kukutajia. Ila nipe pedi: R1, R2, L1, eksi, kushoto chini kulia juu, kushoto chini kulia juu, dola laki mbili na nusu hizo na damu imejaa. Hapa nimeandika kwa kushika pedi hewani. Gemu jipya ninalianza kama mgeni, bosi kazini kanifundisha mfumo mpya mchana, nirudi nyumbani nikafundishwe vitufe tena? Sitaki. Nataka kitu ambacho tayari nakiweza.

Mtu wa Kigamboni

Mimi nitakuwa tofauti na nyie. Nilitafuta PS1 kwa udi na uvumba kwa ajili ya Tekken 3, gemu la kupigana, tulikuwa tunaicheza kwa kaka mmoja Temeke, Eddy Gordo na mateke yake unabonyeza ovyo unashinda wanakutukana. Nikaipata. Nikaifunga, picha kwenye TV kubwa imejaa mavumbi, nikacheza peke yangu na kompyuta, nikawapiga wote mpaka mwisho, nikaona katuni ya mwisho. Nikazima. Haikunipa kitu. Mke wangu haijui na haitaki, wale wa Temeke mmoja yuko Mwanza mmoja Oman. Ipo juu ya kabati. Kwa hiyo mimi kwenye hii mada sina la kutetea, nadhani wengine mnaongea hivyo kwa sababu bado mna wa kucheza nao.

Mama Wawili Tabata

Mtu wa Kigamboni usiiuze, kaa nayo. Au iuze kwangu.

Fundi wa Pedi

Nimekusoma Kigamboni, na sikubishii. Kwenye PS2 mnakaa wawili benchi moja, akikufunga unausikia mkono wake ubavuni, onlaini unafungwa na jina tu. Ila dogo wa Mbezi anacheza peke yake kwenye daladala na anafurahi, kwa hiyo sidhani ni watu peke yake. Nadhani Tekken ni ya watu, San Andreas siyo. Wengine leteni visa, hasa wa Mario na wale wa nyoka wa Nokia, mmekaa kimya.

Ngoja Waje

Swali nje kidogo ya mada. PS2 yangu nyembamba, naichezesha kutoka kwenye flashi, God of War video zinakatakata na sauti inakwama. Ni mashine au flashi feki ya Kariakoo?

Mwenye Banda Buguruni

Siyo flashi. Tundu la USB la PS2 ni la kizamani, 1.1, halina spidi, hata uweke flashi ya bei gani itakwama kwenye video. Ile nene ina sehemu ya kuchomeka hadi diski kwa adapta yake. Hiyo nyembamba ina tundu la kebo ya netiweki nyuma, unaivutia gemu kutoka kwenye kompyuta kwa kebo, inaenda vizuri kuliko USB. Kompyuta unayo?

Ngoja Waje

Ipo ya dada, anaitumia mchana. Nitacheza usiku. Naomba uniambie mipangilio inboksi mkuu.