Nikitazama dari mwili unayumba, mafundi wenzangu mnafanyaje?

FundiDari: Wakuu salaam. Napaka rangi mwaka wa 11 sasa. Juzi nilikuwa napiga koti ya pili kwenye dari ya jipsamu, nimesimama juu ya ubao uliolazwa kwenye madramu mawili. Kila nikiinua kichwa kufuata rola, mwili unakwenda nyuma taratibu, kama nimeshuka sasa hivi kwenye boti ya Zanzibar. Nikitazama ukuta, kwisha. Usiku nikajaribu nyumbani: miguu pamoja, macho nimefumba, kichwa nimekilaza nyuma. Mama watoto akanidaka shati! Kichwa kikiwa sawa nasimama vizuri tu. Presha nimepima, haina neno. Ni shingo au?

MzeeWaRola: Kijana, funga rola kwenye mti mrefu, simama chini, paka sehemu iliyo mbele yako, si ya utosini. Na huo ubao wa madramu utakuua kabla ya shingo.

DadaViungo: Pole kaka. Hilo la nyumbani humpata hata mzima. Ndani ya sikio kuna vichembe vya chokaa vilivyokaa juu ya utando laini, ndivyo vinavyoupa ubongo habari kichwa kimeinamia wapi. Vinafanya kazi vizuri zaidi kichwa kikiwa wima. Ukikilaza nyuma, habari inafifia. Misuli ya shingo nayo inatuma habari tofauti na ile iliyozoeleka. Yanabaki macho na nyayo, na dari nyeupe tupu haina mstari wala kona ya macho kushika. Ukifumba ndiyo kabisa. Sasa niambie: unayumba, au chumba kinazunguka?

FundiDari: Nikitazama dari, nayumba tu. Ila dada, alfajiri nikigeukia kulia kitandani chumba kinazunguka, sekunde kama 20, kinaacha.

DadaViungo: Ungeanza na hilo! Huenda vichembe vimebanduka vikaingia kwenye mfereji mmojawapo wa sikio. Mara nyingi hutibika bila kidonge: unalazwa, kichwa kinageuzwa hatua kwa hatua. Kamwone daktari wa masikio, na usipande juu mpaka upimwe. Ukiona ulimi mzito, vitu viwili viwili au mkono umelegea, hospitali saa hiyohiyo.

FundiDari: Asante dada, naenda Jumatatu. Mzee shikamoo, mti nimenunua. Shingo imepona, sasa mabega ndiyo yanalia.

MzeeWaRola: Marahaba. Hayo yatazoea.