Binti anataka kusoma tenzi na fasihi ya kale advansi, kuna maisha kweli huko mbele?

Mama wa Kiboriloni

Habarini za jioni ndugu zangu, poleni na majukumu. Naombeni mawazo maana hili jambo nyumbani limeshakuwa kikao cha kila siku. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, matokeo mazuri, sayansi kafaulu, hesabu kafaulu, Kiswahili ndo kapata A kabisa. Sisi tulijua moja kwa moja ni PCB (fizikia, kemia, baiolojia), baba yake ameshaanza mpaka kuulizia bei za tuisheni, sasa mtoto anasema anataka HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Tukamuuliza kwanini, akasema anataka kusoma tenzi za zamani, Mwana Kupona, Inkishafi, Liyongo, halafu baadae afundishe au aandike. Kuna mwalimu wao alikuwa anawaghania darasani, mtoto akakolea, ana daftari zima kanakili beti kwa mkono wake.

Mimi sikidharau Kiswahili, nilisoma Kusadikika enzi zetu na mpaka leo namkumbuka Karama alivyosimama kujitetea mbele ya mfalme kwa habari za wale wajumbe sita. Ila najiuliza kwa dhati kabisa, kwa dunia hii ya akili mnemba, kusomea maandishi ya miaka 200 iliyopita kutakuwepo mashuleni mpaka lini? Isije ikawa anamaliza chuo anakuta somo lenyewe limefutwa. Mawifi zangu wanasema nampoteza mtoto. Naomba ukweli, hasa walimu na nyie mliopita HKL, mko wapi saivi?

Fundi Mitambo, Njiro

Pole dada. Mimi nitasema tofauti na wengi watakaokuja hapa, na nasema kwa nia njema. Mpeleke PCB. Sababu yangu ni moja tu, ukishasoma HKL huwezi kurudi nyuma ukawa daktari au mhandisi, ila daktari anaweza kurudi nyumbani usiku akasoma Mwana Kupona mpaka asubuhi, hakuna anayemkataza. Fasihi unaisoma maisha yako yote, fizikia kidato cha tano ikikupita ndo imekupita. Na mtoto mwenye kichwa cha kufaulu vyote viwili tuna uhaba nao. Sisemi tenzi hazina maana, nasema zinaweza kusubiri.

Mwalimu wa Sakina

Mama habari za huko Moshi. Mimi nafundisha Kiswahili advansi hapa Arusha, acha niseme ninachokiona kila siku maana hili swali lako linaniuma kweli.

Naanza na ya kaka Fundi hapo juu. Hoja yake ina uzito na wazazi wengi wanafikiri hivo hivo, ila kuna kitu kimoja haioni. Huyo daktari wa kusoma Mwana Kupona usiku, anausomaje? Ule utendi wa 1858, mama mgonjwa wa Siyu na Lamu anamuusia binti yake, umetungwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na ukaandikwa kwa hati za Kiarabu. Wewe leo unaweza kuusoma kwa herufi hizi zetu ukiwa na maelezo chini kwa sababu kuna watu waliokaa chini maisha yao yote wakaunakili, wakaulinganisha na nakala nyingine, wakaufafanua. Hao watu wakiisha, hata huyo daktari hana cha kusoma.

Mchukue Muyaka bin Haji wa Mombasa, alifariki 1840 na mashairi yake yakabaki vichwani mwa watu tu. Ni Mwalimu Sikujua ndiye aliyeyakusanya kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akafanya kazi hiyo na mmisionari Taylor mwishoni mwa karne ya 19, na kitabu kikaja kutoka 1940, miaka 100 baada ya mwenyewe kufa! Sikujua angeamua kwamba ushairi unaweza kusubiri leo tusingekuwa na Muyaka. Vivyo hivyo Muhamadi Kijumwa pale Lamu, mwenyewe alitunga utendi wa Liyongo 1913 na miaka na miaka akawa ananakilia watafiti maandishi kwa mkono. Na saivi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna miswada aliyokusanya J.W.T. Allen, mingi tu, hati za Kiarabu. Wanafunzi wangapi wa Kitanzania wanaweza kuifungua na kuisoma? Kwaiyo mama ukiniuliza kama kazi ipo, kazi ipo nyingi kuliko watu. Mshahara ni swali lingine, sitakudanganya.

Sasa kuhusu mashuleni. Mimi sina hofu kwamba fasihi ya kale itafutwa kwa tangazo la wizara, hofu yangu ni kwamba tunaiua wenyewe darasani huku ipo kwenye silabasi. Mtoto anapewa notsi, dhamira hizi, ujumbe huu, falsafa, mtazamo, msimamo, anakariri anaenda kumwaga kwenye pepa anapata A bila kusikia ubeti hata mmoja ukighaniwa maishani mwake. Utendi ni mistari minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) nane nane, vina vitatu vya mwanzo vinafanana na cha nne kinakwenda hivo hivo mpaka mwisho wa utendi mzima, hicho kina cha mwisho ni cha sikio, msikilizaji anakisubiri. Ukimpa mtoto kwenye karatasi kimya kimya halafu ukamwambia orodhesha tamathali za semi lazima aone ni adhabu.

Mimi nikifika kwa Liyongo notsi naweka pembeni. Naghani pale shujaa Liyongo yuko gerezani, mama yake anampelekea mkate wa wishwa (pumba) na ndani yake kaficha tupa, halafu Liyongo anaomba wapige gungu ili kelele za ngoma zifunike sauti ya mnyororo unavyokatwa. Darasa linatulia mpaka unasikia pikipiki za barabarani. Tukifika pale anapouawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba kitovuni, kipindi kinaisha wanabishana, wengine wanasema yule kijana alidanganywa na mfalme, wengine wanasema hakuna cha kudanganywa ni tamaa ya cheo. Hakuna aliyewaambia wachambue wahusika, wamechambua wenyewe.

Na hii akili mnemba wala isikutishe. Nimeiomba mara kadhaa beti za Inkishafi, ikanitungia zake ambazo hazimo kabisa na ikaziweka kwa kujiamini. Mwanafunzi ambaye hajausoma mwenyewe ule utenzi, kwamba ni magofu ya mji wa Pate, kwamba majumba yaliyokuwa yanawaka taa yamebaki na makinda ya popo, atapokea tu. Ndo maana tunahitaji wanaoujua utenzi wenyewe kuliko zamani.

Jambo la mwisho, wapo wenzangu wanasema tufundishe ushairi wa kisasa tu, watoto wanauelewa. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuhesabu mizani hawezi kujua Kezilahabi alivunja nini alipotoa Kichomi 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na kwanini wazee walikasirika vile.

Padri Hakuwa (Moshi)

Mwalimu umenena. Mimi nilipita seminari huku Kilimanjaro, upadri haukuwa wito wangu ila Kilatini kiliniingia, tulimsoma Caesar vita vya Gallia mstari kwa mstari. Nataka kuongezea kwa upande wa huko kwa wenzetu maana mama ameuliza kama hii elimu ina miaka mingapi.

Marekani nako wako kwenye hili hili. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Princeton waliondoa sharti la Kigiriki au Kilatini kwa wanaosomea fasihi ya Ugiriki na Roma ya kale, mtu anaweza kumaliza digrii hiyo bila lugha yenyewe. Mwaka huo huo Howard, chuo cha Wamarekani weusi kilichoanzishwa 1867, kikavunja idara yake ya masomo hayo, na ilikuwa ndio pekee iliyobaki kwenye vyuo vya aina yake, walimu wakagawanywa idara nyingine. Kwaiyo wasiwasi wako mama sio wa mtu wa kijijini, ni wa dunia nzima.

Ila sikiliza na hii. Miaka ya 1930 alikuwepo profesa wa Harvard, Milman Parry, alikuwa anataka kuelewa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, alitungaje mashairi marefu vile bila kuandika. Akaona vitabu havimtoshi, akafunga safari mpaka Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa vijijini, maana kwenye Ugiriki ya Homer hakuna tena aliyebaki wa kumuimbia. Sisi wetu wapo! Ustadh Mahmoud Mau pale Lamu anatunga tenzi za kuwausia vijana na zilisambaa kwa kaseti watu wakawa wanasikiliza majumbani. Hatujafika kwenye kufukua makaburi, mtoto akitaka anapanda basi anaenda kumsikia mtu anaghani.

Na wanaosema hivi ni vitu vya watu wasio na kazi wamkumbuke Mwalimu Nyerere, nchi imetoka kupata uhuru juzi, ana kila tatizo mezani, na tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, ikatoka 1963. Akaja tena na Mabepari wa Venisi 1969. Alitaka Mtanzania amsome Shakespeare kwa lugha yake.

Chalii wa Ngarenaro

Shikamoo mama. Mi narap tu na sikufika advansi, ila kuna braza alinipa kitabu cha Muyaka nikashangaa kinoma, yule mzee alikuwa anawajibu watu wa Sultani wa Unguja kwa mashairi, Mombasa na Unguja wako kwenye ugomvi halafu yeye ndo mdomo wa mji wake. Vina ndani vina nje, maneno yamefungwa hakuna pa kupenya. Nimeanza kuhesabu mizani kwenye mistari yangu toka siku hiyo na naona tofauti. Shuleni nilifundishwa ushairi ila sikuwahi kuambiwa kuna mtu kama huyo. Mwache dogo asome, atufundishe na sisi.

Mfasiri AR

Dada yangu umeuliza waliosoma HKL wako wapi. Mimi nipo hapa Arusha, nafasiri na kuhariri. HKL sio ualimu peke yake, niliosoma nao wengine walienda sheria, wengine habari, wengine lugha kama mimi. Kiswahili kimepanda, Umoja wa Afrika walikipitisha kuwa lugha ya kazi 2022, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayo hapa hapa mjini. Ila nisikufiche, nafasi za ofisini ni chache na zinagombaniwa, miaka yangu ya mwanzo niliishi kwa kusahihisha ripoti za watu kwa malipo madogo. Kilichonitoa ni Kiingereza cha nguvu. Kwaiyo akienda HKL asikae na Kiswahili tu akaidharau ile L, na akiweza aongeze Kiarabu kwa hizo hati anazosema Mwalimu, atakuwa na kitu ambacho wengi hatuna.

Mama wa Kiboriloni

Asanteni sana jamani, nimesoma yote na baba yake nimempa simu kasoma. Hajasema ndio ila ameuliza hiyo ya sheria mara mbili. Kaka Fundi na wewe nimekusikia, hofu yako ndo hofu yangu. Mwalimu, kabla hatujaamua nataka mtoto ausome utendi mzima sio vipande vya daftari, nione kama hamu inabaki. Naupata wapi?

Mwalimu wa Sakina

Wazo zuri sana hilo mama. Kuna kitabu cha Allen kinaitwa Tendi, cha 1971, kina tendi sita na Mwana Kupona umo, beti mia na kidogo, anamaliza kwa siku moja ila asiharakishe. Madukani sio rahisi kukipata, aulizie maktaba za vyuo, Mwenge hapo Moshi au Makumira huku Usa River wanafundisha walimu wa Kiswahili, mtu wa maktaba akiombwa vizuri anasaidia. Chuo cha SOAS cha London nao wameweka miswada yao mingi ya Kiswahili kwenye intaneti, aone na macho yake hati zenyewe zilivyo. Na asome kwa sauti, wewe ukiwa unapika akusomee.

Fundi Mitambo, Njiro

Mwalimu kwenye PCB bado nasimama pale pale. Ila hiyo ya Liyongo na mkate wenye tupa nina watoto wa darasa la sita hapa ndani, nianzie wapi?

Mwalimu wa Sakina

Kaka wasimulie kwanza kwa maneno yako mwenyewe, mpaka pale mkate unapoingia gerezani, halafu kata. Wakikuuliza kesho yake ikawaje ndo uwatolee beti za Kijumwa, kumi kumi, na wao wapige meza kwenye kile kina cha mwisho. Nitumie meseji pembeni nikurekodie hizo za gungu, uone sauti inavyokwenda.