Mrejesho: saa ya mtoto iliyokuwa inapigiwa na wadai

Wakuu habari zenu, niliuliza hapa kuhusu saa ya binti yangu, zile smartwatch za watoto zinazoingia laini, kila mara inaita ukipokea ni mtu anafoka "lipa deni letu", mtoto wa darasa la pili jamani anadaiwa mkopo wa mtandaoni.

Aliyesema laini ilishakuwa na mwenyewe kabla alipatia. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu inaifunga halafu inaiuza tena, sasa yule wa kwanza alikopa kwenye zile app za kausha damu (mikopo ya riba kubwa) akapotea, deni likabaki na namba. Nilihakiki usajili wa laini kwa *106# inasoma jina langu vizuri tu, ila wadai wao wanaangalia namba, jina hawana habari nalo.

Kilichosaidia ni kwenye app ya saa iliyoko kwenye simu ya mzazi, kuna sehemu ya kuzuia namba ngeni, ukiwasha inaingia simu ya waliomo kwenye orodha tu. Sijui kwanini inakuja ikiwa imezimwa, kitu cha mtoto kabisa!

Zile meseji za matapeli za "ile pesa tuma namba hii" nazituma 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Kasheshe iliyobaki ni bibi yake, ana laini tatu na anapiga kwa yoyote yenye salio, ikabidi niziingize zote maana alishaanza kununa eti tumemblock.