Camaro 1969, V8 ya 350 na Muncie ya gia nne: injini na gia boksi vitoke pamoja au kimoja kimoja?

KutuYaDetroit

Wakuu, habari za jioni. Nina Chevrolet Camaro ya 1969, V8 ya 350 (inchi za ujazo) na gia boksi ya Muncie ya gia nne. Haina AC, stering ni ya pawa. Gari liko Ohio, gereji ya nyumbani, sakafu ya zege, dari mita 2.6. Oili sili ya nyuma ya krenki inavuja, klachi inateleza na chumba cha injini kinataka rangi, kwa hiyo vyote viwili lazima vitoke.

Ninayo kreni ya kukunja iliyoandikwa tani 2, jeki ya magurudumu, stendi nne, na msaidizi mmoja siku za Jumamosi. Naomba kujua: nivitoe pamoja au nianze na gia boksi? Mnyororo nifunge wapi? Na ni vitu gani watu husahau mpaka vinakatika? Spana nilizonazo karibu zote ni za milimita.

SpanaNusuInchi

Mkuu, tuanze na hizo spana kabla ya kreni. Gari hilo bolti zake ni za inchi. Waliozoea Toyota huweka 13 kwenye kichwa cha nusu inchi. Inaingia, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo ikikutana na kutu inakula pembe. 14 haiingii kwenye 9/16, na 15 inacheza. Zinazosameheka ni 8 kwa 5/16 na 16 kwa 5/8. Nunua soketi za inchi kuanzia 3/8 hadi 3/4, za pembe sita, usichukue za pembe kumi na mbili.

Kwa swali lako la kwanza, vitoe pamoja. Bolti za juu za bel hauzi (kasha la klachi linalounganisha injini na gia boksi) ziko karibu sana na ukuta wa kabini, mkono hauingii vizuri. Na siku ya kurudisha, kuingiza shafti ya gia boksi kwenye diski ya klachi vikiwa vimening'inia mbele ya macho yako ni kazi ya dakika chache. Chini ya gari, chuma kikiwa kifuani, ni kazi ya matusi.

Jioni moja kabla, lowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu nati za ekzosi pale bomba linapokutana na manifoldi, tatu kila upande. Rudia asubuhi. Ikigoma, ipashe moto nati yenyewe, si stodi. Ikigoma tena, ikate nati kwa grainda ukiwa bado una nafasi. Stodi ikikatikia ndani ya manifoldi ya chuma cha kutupwa utaongeza siku nzima.

Juu: chora penseli kuzunguka bawaba za boneti, kisha watu wawili waishushe. Betri ianzie waya wa hasi. Mfumo wa maji unabeba karibu lita 15. Fungua koki ya rejeta, halafu fungua plagi zilizo kwenye bloki yenyewe, moja kila upande, juu kidogo ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Wengi huziruka hizo, kisha injini ikiinamishwa maji yaliyobaki yanamwagika miguuni. Kinga kwenye beseni na usiache wazi, maana kizuia kuganda kina ladha tamu na ni sumu, mbwa wanakilamba.

Rejeta na feni vitoke, hata kama kwa macho nafasi inaonekana inatosha. Pampu ya stering usiikate mipira yake. Fungua na breketi yake, ifunge kwa waya pembeni, ikae wima.

Pampu ya petroli iko mbele, upande wa abiria (kulia, kwa gari la Marekani). Ukichomoa mpira unaotoka tanki, petroli inaweza kuendelea kujivuta yenyewe, kwa hiyo uzibe papo hapo kwa bolti ya 3/8 na klipu. Hapa hakuna kusema "nitaziba baadaye", hasa kama gereji ina hita ya gesi.

Distributa itoe yote, usitoe kifuniko tu. Kwenye injini hizi iko nyuma kabisa, na injini ikiinuka pua inajigonga ukutani kwanza. Weka alama rota inapoelekea na alama nyingine kwenye bodi yake, ichomoe, kisha ziba tundu kwa kitambaa safi. Nati ikidondoka humo inashuka hadi kwenye sampu.

Waya zipe lebo za tepu moja moja. Za stata: zambarau inakwenda kwenye skrubu yenye herufi S, njano kwenye yenye R. Sensa ya joto iko ubavuni mwa silinda hedi ya kushoto, kati ya matundu ya ekzosi ya silinda 1 na 3. Ya presha ya oili iko nyuma karibu na distributa. Sasa, kinachokatika mara nyingi kuliko vyote ni ule utepe wa athi unaotoka nyuma ya silinda hedi kwenda ukuta wa kabini. Umejificha, una rangi ya uchafu, na hakuna anayeukumbuka mpaka kreni inapouvuta.

Chini: mwaga oili ya injini. Propela iwekee alama ya rangi pale inaposhikana na difu, irudi ilivyokuwa, na vikombe vya msalaba vizungushie tepu, la sivyo sindano za beringi zinatawanyika sakafuni. Mkia wa gia boksi ukishaachwa wazi unamwaga oili ya gia kila ukiinamishwa. Mfuko mzito wa nailoni na raba mbili unatosha.

Chomoa kebo ya spidi. Mkono wa gia wa Hurst, kama ni ule wa kuchomekwa, una klipu ya chuma pembeni: ingiza kipande chembamba cha fila geji (bati la kupimia nafasi) kati ya mkono na kishikio chake, klipu inaachia, unachomoa. Usiuvute kwa nguvu. Kisha kuna kitu cha 1969 hasa: mwaka huo swichi ya ufunguo ilihamia kwenye nguzo ya stering, na kuna fimbo inayounganisha rivasi ya gia boksi na nguzo hiyo ili ufunguo utoke ukiwa rivasi tu. Aliyezoea Camaro ya 1968 haitafuti. Ichomoe.

Muungano wa klachi: toa springi ya uma, fimbo ya kusukuma, kisha ule mhimili wenye umbo la Z uliolala kati ya bloki na fremu. Fungua breketi ya upande wa fremu, mhimili unatoka kwenye kichwa chake cha mpira. Ukiuacha, injini ikipanda utapinda.

BelHauzi

Nakubaliana na mengi, ila hili la "pamoja" lina masharti, fundi. Ukivitoa pamoja unanyanyua kitu kirefu chenye mkia. Pua inapanda juu ya paneli ya rejeta, mkia unashuka kuelekea sakafuni, na mkia ukigusa zege kabla sampu haijavuka paneli, umekwama katikati. Dawa yake ni kunyanyua nyuma ya gari badala ya mbele. Fanya kazi ya chini gari likiwa juu ya stendi zote nne, kisha kabla ya kunyanyua injini shusha mbele likae kwenye matairi, nyuma ibaki kwenye stendi. Pembe inakuwa rahisi, na kreni haihitaji kwenda juu sana.

Kwa dari ya mita 2.6 utaweza, lakini usikisie. Pima mkono wa kreni ukiwa juu kabisa, toa urefu wa mnyororo, uone ndoano inabaki wapi juu ya paneli ya rejeta. Mnyororo mrefu ndio unaokula dari.

Ikionekana haitoshi, au Jumamosi msaidizi hakutokea, anza na gia boksi. Muncie ina kasha la aluminiamu, uzito kama kilo 35, mtu mmoja na jeki anaimudu. Lakini kuna kosa moja linaloharibu klachi mpya: kuiacha gia boksi ining'inie kwa shafti yake ndani ya diski wakati bolti zimetoka. Kitovu cha diski kinapinda, na baadaye klachi haiachii vizuri, gia zinakwaruza, watu wanalaumu sinkronaiza (zile ringi za ndani zinazolainisha kubadili gia). Bolti nne zinazoishika kwenye bel hauzi ni za unene wa nusu inchi, uzi wa 13 (mapindo 13 kwa inchi). Toa mbili kwanza. Badala yake weka stodi mbili za uongo: bolti za uzi huohuo, urefu inchi 5 hivi, vichwa vimekatwa, ncha imechanwa mkato wa bisibisi. Toa mbili zilizobaki, sasa gia boksi inateleza juu ya stodi ikiwa imenyooka mpaka shafti itoke yote. Tumia hizohizo kuirudisha.

Na usivute gia boksi ndani kwa kukaza bolti. Isipokaa kwa mkono, kuna kitu hakijanyooka. Masikio ya aluminiamu yanapasuka.

Dada Klachi

Niongezee upande wa kunyanyua, maana hapo ndipo mtu anaumia.

Injini hiyo kavu ni kama kilo 260. Ongeza gia boksi, flaiwili, klachi na bel hauzi, unafika kilo 320 au zaidi kidogo. Kreni yako ni ya tani 2 mkono ukiwa kwenye tundu la kwanza tu. Ukiurefusha hadi mwisho, nyingi zinaandikwa nusu tani. Bado unatosha, ila soma kibandiko kilicho kwenye mkono wenyewe.

Sahani ya kunyanyulia inayofungwa mahali pa kabureta, kwa bolti nne za 5/16, inafaa injini ikiwa peke yake na imenyooka. Ukiwa na gia boksi nyuma na unainamisha, mimi siitumii. Silinda hedi za 1969 zina matundu ya bolti kwenye ncha zake, uzi wa 3/8-16. Funga mbele upande wa dereva (kushoto) na nyuma upande wa abiria (kulia), mnyororo ukatishe kwa mshazari. Tumia bolti za gredi 8 na washa pana, uzi uingie angalau milimita 15, na kiungo cha mnyororo kikae kimegusa hedi. Ukiweka bolti ndefu na kiungo kikae mbali, bolti inapinda. Katikati weka baa ya kusawazisha yenye mkono wa kuzungusha, ndiyo itakayokupa pembe bila kusukumana.

Utaratibu: jeki chini ya gia boksi, na kipande cha mbao. Kaza mnyororo mpaka uzito uhame, toa bolti moja ndefu ya kila maunting (kishikio cha mpira cha injini), kisha fungua krosimemba ya gia boksi (boriti inayoibeba chini). Inua sentimita 3, simama, zunguka gari ukitazama. Sogeza mbele, inamisha kidogo, sogeza tena. Ikigoma usiongeze jeki, kuna kitu kimeshika.

Na tazama karibu na maunting ya kushoto. Desemba 1971 General Motors, waliotengeneza Camaro, waliita yarudi kurekebishwa magari takriban milioni 6.7, Camaro za 1967 hadi 1969 zikiwemo, kwa sababu mpira wa maunting ulikuwa ukiachana, injini inainuka na kuvuta aksileta. Suluhisho lao lilikuwa waya mnene wa chuma wa kuizuia injini. Kama gari lako lilifanyiwa, waya huo bado upo na lazima ufunguliwe. Kwa vile umefika hapo, weka maunting mpya zenye kufungana chuma kwa chuma.

Miguu na mikono isiwe chini ya injini hata sekunde moja. Ikishavuka paneli, ishushe karibu na sakafu ndipo uiviringishe kreni.

KutuYaDetroit

Asanteni sana, nimeelewa. Mawili yamebaki. Stendi ya injini inafungwa wapi? Na kuna uchafu mgumu mbele ya hedi ya kulia, penye namba. Nipige msasa kabla ya rangi?

SpanaNusuInchi

Stendi inafungwa kwenye matundu ya bel hauzi, kwa hiyo injini ikiwa bado kwenye kreni utatoa gia boksi, bel hauzi, klachi na flaiwili. Bolti za presha pleti zilegeze nusu mzunguko kila moja kwa zamu, la sivyo pleti inapinda. Wakati wa kurudisha, nguvu ya kukaza bolti: presha pleti pauni-futi 35, flaiwili 60, bel hauzi kwenye bloki 30.

Kabla ya kuilaumu sili ya nyuma, tazama mwisho wa manifoldi ya juu na sensa ya presha. Vikivuja, oili inashuka nyuma ya bloki na kudondoka mahali palepale. Ukibadilisha sili, ni ya vipande viwili: midomo itazame ndani, na viungo vyake vizungushwe kama sentimita 1 visikae sawa na kiungo cha kifuniko.

Dada Klachi

Hapo penye namba msasa hapana, wala brashi ya waya. Namba iliyopigwa hapo inalinganishwa na namba ya gari, na wanunuzi wanatazama hata mikwaruzo ya mashine ya kiwandani iliyo chini ya namba. Ikifutika, bei inashuka na huwezi kuirudisha. Thina, kitambaa, na mswaki wa meno wa nailoni. Piga picha, funika kwa tepu, ndipo upake rangi.