Makocha wa jimu, dakika 20 kwenye mashine ya kukimbilia SIYO kupasha kwa ajili ya chuma kizito!

Wakuu, hili jambo limezidi sasa na lazima lisemwe. Mteja mpya akiingia jimu, cha kwanza anapandishwa mashine ya kukimbilia, anaambiwa "pasha dakika 20". Anashuka ameloa chapachapa, mapaja yamechoka, halafu skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni) yake ya kwanza kabisa anawekewa kilo 80. Goti likimchoma anaambiwa avumilie, eti ndiyo misuli inajengeka. Watu wanalipa ada ya kila mwezi kwa ajili ya hili?

Tuanze na jasho. Dar mwezi wa pili unaloa ukiwa umekaa tu kwenye daladala. Jasho ni mwili unajipoza, halikuambii kama nyonga na vifundo viko tayari kubeba mzigo. Baiskeli au kutembea harakaharaka kwa dakika 5 hadi 8 kunatosha, ukiwa bado unaweza kuongea bila kuhema. Aliyeko Njombe au Makete, alfajiri ya mwezi wa saba, afike 10 na asivue sweta mpaka seti (mizunguko ya kunyanyua) za katikati. Zaidi ya hapo unachoma nguvu uliyoijia.

Baada ya hapo, kupasha kwa chuma kizito ni kufanya zoezi LILE LILE kwa uzito unaopanda huku idadi ya mara ikishuka. Misuli inapata joto, ute wa kwenye maungio unakuwa mwepesi, na mwili unakumbuka njia: chuma kikae wapi mgongoni, magoti yaelekee wapi, pumzi ishikwe wakati gani. Mashine ya kukimbilia haikufundishi hata moja kati ya hayo matatu ya mwisho.

Chukua mtu ambaye kazi yake ya siku ni skwati kilo 100, seti 3 za mara 5. Apande hivi:

Chuma kitupu (kilo 20) mara 8, apumue kidogo, arudie mara 8
Kilo 40 mara 5
Kilo 60 mara 4
Kilo 80 mara 2
Kilo 90 mara 1
Halafu 100, kazi inaanza.

Kuanzia 60 kubadilisha ni rahisi: kila upande wa chuma kuna sahani (uzito wa duara) ya 20, unaongeza ya 10, unaitoa unaweka ya 15, unaitoa unaweka ya 20 ya pili. Seti za mwanzo pumzika muda ule ule wa kubadilisha sahani. Kabla ya 90 subiri dakika 2, na kabla ya 100 subiri 3 hadi 5. Ukikaa na simu robo saa umeshapoa, rudi 80 upige mara 1 kwanza.

Sasa angalia wanachofanyishwa watu: kilo 60 mara 15, kilo 80 mara 12, "mpaka misuli iungue". Piga hesabu. 60 × 15 ni kilo 900, 80 × 12 ni 960, jumla 1,860. Kazi yenyewe ya siku ni 100 × 5 × 3, yaani 1,500! Mtu amebeba kuliko kazi yake kabla hajaianza, halafu akikwama chini kwenye 100 kocha anamwambia hali chakula vizuri. Ule mpangilio wa juu, hata ukiingiza chuma kitupu, ni kilo 1,010, na zile seti nzito zina mara 1 au 2 tu ili zisikuchoshe.

Seti ya 90 ina kazi nyingine ambayo karibu hakuna anayeifundisha: ni kipimo. Ikipanda kwa kasi na mgongo umekaa sawa, endelea. Ikipanda kwa kujikokota, leo fanya 95. Na ukisikia maumivu makali kwenye ungio tangu 60, na kwenye 80 bado yapo mahali pale pale, acha zoezi hilo kwa siku hiyo. Kukakamaa kwa viungo asubuhi huwa kunapungua kila seti, lakini maumivu ya jeraha yanabaki au yanaongezeka. Kocha asiyejua kuuliza kama maumivu yanapungua au yanabaki asimwekee mtu sahani.

Kujinyoosha nako. Kushika mguu umeunyoosha dakika nzima na zaidi kwa kila msuli, kisha papo hapo unabeba uzito mkubwa, kunapunguza nguvu kwa muda. Hayo yapeleke mwishoni mwa mazoezi. Mwanzoni tikisa mguu mbele na nyuma mara 10 kila upande, chuchumaa bila uzito mara 10, sukuma goti kuelekea ukutani kisigino kikiwa chini mara 10. Kwa siku ya benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali), vuta utepe wa mpira kifuani kwa mikono iliyonyooka mara 15 hadi 20. Mpira hauna haja ya kununuliwa ghali, utepe wa tyubu ya baiskeli unafanya kazi hiyo vizuri.

Na tafadhali, dawa ya kuchua siyo kupasha. Inachangamsha ngozi tu, msuli ulio ndani unabaki vile vile. Mbaya zaidi inaficha maumivu uliyotakiwa kuyasikia kwenye 60.

Wenye jimu nanyi hamjapona. Mtu atapandaje ngazi kama sahani zilizopo ni za 20 na 25 peke yake? Kutoka chuma kitupu anaruka moja kwa moja hadi 60. Kwa mwanamke ambaye kazi yake ni kilo 50, hapo hamna ngazi kabisa. Halafu mnachanganya sahani za kilo na za pauni. Iliyoandikwa 25 bila kipimo inaweza kuwa pauni 25, ambazo ni kilo 11.3. Ukiiweka upande mmoja na ya kilo 25 upande wa pili, tofauti ni karibu kilo 14 juu ya mgongo wa binadamu! Vyuma vya kuchomelea mtaani na sahani za saruji navyo havipimwi, mnasema tu "ni 20".

NYONGEZA kwa mnaouliza dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima): sahani kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Ukipashia kwa sahani ndogo chuma kinashuka chini sana na mgongo unapinda kabla hata uzito haujaanza. Kipandishe juu ya sahani zilizolazwa au vipande vya mbao mpaka kifike urefu ule. Kwa kazi ya kilo 140: 60 mara 5, 90 mara 3, 110 mara 2, 125 mara 1. Na kama umetoka kwenye skwati, anzia 90, miguu imeshapashwa.

NYONGEZA ya pili, kwa anayejibu kwamba sahani ndogo zinaibwa: nunua jozi mbili za 2.5, mbili za 5 na mbili za 10. Pima kila moja kwenye mzani, andika kilo halisi kwa rangi nyeupe pande zote mbili, zitundike kwenye misumari pembeni ya meza ya mapokezi. Anayezitaka aache jina, akimaliza azirudishe.