Mtoto wa kaka yangu ameitwa akacheze mpira Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, msimu mzima. Nimwachie?

Shangazi_Kikwajuni

Asalaam aleykum. Naomba msaada wa wanaoijua Komoro kwa kuishi, si kwa ramani. Mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe, ana miaka 20, beki wa kushoto timu ya daraja la chini hapa mjini. Mchana yuko gereji, anajifunza umeme wa magari. Sasa kaletewa maneno kuwa timu ya kijiji kimoja kusini ya Moroni inamtaka. Nauli watatoa, pa kulala watatoa, "na kitu kidogo". Kitu kidogo ndo kiasi gani? Karatasi hakuna, yote ni sauti za WhatsApp. Yeye keshaanza kukunja nguo kwa sababu aliwaona Wakomoro walivyoitoa Ghana Kombe la Afrika. Nataka kujua, kule mpira ni kazi au ni mchezo? Na akivunjika mguu, wa kumrudisha ni nani?

Jangwani_Daima

Dada, mimi Komoro naijua kwa kuifunga tu 😂. 2014 timu yao Komorozine ya Domoni ilikuja hapa Dar ikala 7-0 kwa Yanga yetu. 2017 tukawafuata Ngaya, timu yao nyingine, kwao, 5-1, na hapa nyumbani tukatoka 1-1 kwa huruma. Abaki gereji.

Mpemba_wa_Volovolo

Wa aleykum salaam, dada. Huyo wa Jangwani msamehe, anajua matokeo tu.

Mimi nauza vitambaa soko la Volo-Volo hapa Moroni, na kijijini ninakokaa walinipa ufunguo wa sanduku la jezi kwa sababu moja: mgeni hana ukoo, kwa hiyo hatashutumiwa kuwapendelea wajomba zake. Toka hapo nimekuwa mtunza vifaa, mchua misuli na mkalimani wa wachezaji wanaotoka kwetu.

Kwanza hiyo Ghana. Ile 3-2 ya Januari 2022 ilikuwa kweli, na usiku ule hapa hakulala mtu. Lakini Ahmed Mogni aliyefunga mawili alikuwa akicheza Annecy, daraja la tatu Ufaransa. Chaker Alhadhur, yule beki aliyesimama golini na Cameroon kwa kuwa makipa wameisha, kazaliwa Nantes. Timu ile karibu yote ni watoto wa Wakomoro wa Ufaransa. Ligi ya hapa ni soka la ridhaa. Winga wetu anaendesha teksi, kipa anavua, nahodha anafundisha hesabu.

Timu hapa ni mali ya mji. Iconi wana Djabal, Mdé wana Ngaya, na miji hiyo inapakana. Wakikutana, hata anayeuza mkatra futra barabarani ana upande. Kwa miaka mingi kila kisiwa kilikuwa na ligi yake, Ngazidja, Ndzuani na Mwali, kisha mabingwa watatu wakakutana kutafuta bingwa wa nchi. Huko ndiko utamu uliko, na tabu pia. Tulivuka kwenda Fomboni, kule Mwali, wakati wa kusi, vijana wakatapika njia nzima, wakashuka wakiwa wamelegea, jioni yake wakaingia uwanjani. Usiniulize matokeo.

Pesa. Jioni baada ya alasiri wazee wanakaa bangwe, ule uwanja wa mji. Katibu anafungua daftari. Anasoma fulani, Marseille, euro kadhaa. Fulani, Marseille, kaahidi. Fulani, hapahapa, gunia la mchele. Waliokwisha fanya ndoa kubwa, ile harusi ya mila inayompa mtu heshima mjini, wanasema mwanzo, wenzangu na mimi tunasikiliza. Zikifika nyingi tunanunua jezi na kukodi basi. Zikiwa chache, mchezaji wa kigeni anaambiwa "subiri" mpaka Julai, wale wa Ufaransa, hapa wanawaita je-viens, washuke uwanja wa ndege wa Hahaya na mabegi yao kuja kwenye maharusi. Julai na Agosti ndoa zinafuatana na mpira unasimama pembeni: bendi iko uwanjani, mahema yako uwanjani, wewe mazoezi ufanye pwani. Ramadhani nayo hapa kwetu tulisimama kabisa. Kwa hiyo akiambiwa "msimu", asihesabu miezi kwa kalenda ya ukutani.

Kitu kidogo, basi, ni posho ya mechi ikishinda, chakula kwa zamu nyumba hadi nyumba (chakula hicho hakina dosari, atanenepa), na chumba cha mtu aliye Ufaransa. Mshahara hakuna. Anayemwambia upo, amwandikie.

Halafu uwanja. Wa kwetu ni jiwe la Karthala, ile volkano yetu, lililosagwa, jeusi, lina makali. Kabla ya mechi watoto wanapita na ndoo wakiokota vipande. Beki anayezoea kuteleza chini ataacha ngozi ya paja pale. Kipa wetu anavaa suruali mbili na jua lote hili.

Ushauri wangu: aje, lakini aje kama fundi umeme anayecheza mpira. Magari hapa ni makuukuu na barabara ni mawe. Mji ukimpa kibanda karibu na kituo cha teksi, atakula hata timu ikifungwa kila Jumapili.

Karani_wa_Makaratasi

Nyongeza moja ambayo vijana wetu wanaipuuza. Ukivuka mpaka, hata ukiwa wa ridhaa, lazima ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa. Kwa Mzanzibari inatoka TFF, shirikisho la soka la Tanzania, maana ZFF, la Zanzibar, si mwanachama wa FIFA. Hata CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupokea Machi 2017, Julai mwaka huohuo wakatutoa. Kwa hiyo klabu ya Komoro iombe kupitia shirikisho lao, nalo lishughulike na TFF kwenye mfumo wa FIFA. Wakimwambia "njoo tu, leseni tutatafuta", ajue ataishia mechi za kirafiki, au atapewa leseni ya mtu mwingine. Hilo la pili akatae hata kama wamempikia biriani. Na akirudi, hati hiyohiyo inahitajika upya.

Shangazi_Kikwajuni

Ahsanteni sana. Mpemba, kaka yangu, umesema mengi lakini swali la mguu umelikwepa.

Mpemba_wa_Volovolo

Sikulikwepa dada, nilikuwa na mteja.

Tulikuwa na kiungo kutoka Ndzuani, akavunjika mfupa wa mguu. Mji ulimchangia, nashuhudia, hadi vikoba vya kina mama. Ila mchango unakuja baada ya maumivu, si kabla: kwanza wanakutana, wanasomeana daftari, wanabishana nani katoa mara ya mwisho. Huku kijana amelala na mbao mbili na kitambaa. Bima hakuna. Aliyemrudisha kwao ni mjomba wake.

Fanya hivi. Usimpigie rafiki yake wa WhatsApp. Omba namba ya katibu na ya mzee mmoja wa bangwe, ongea nao wote wawili wakiwa pamoja, wakisikiana. Taja mambo matatu: tiketi ya kurudi iko mkononi mwa kijana tangu siku ya kwanza, akiumia nani analipa hospitali, na ITC inaombwa lini. Mzee akiahidi mbele ya mwenzake, hapa ni aibu kurudi nyuma, atakwepa kupita pale bangwe. Karatasi waitie saini pia, kwa Kifaransa, mimi nitakusomea.

Kijiji chenyewe kinaitwaje? Niandikie faragha. Kama ni kile ninachokidhania, wana mabeki wa kushoto wawili tayari.

Shangazi_Kikwajuni

Nimekutumia. Yeye anasema anaweza kucheza hata upande wa kulia.