Muuza seti za roketi wa hapa Mtwara anatutafutia vifo! Eti "CHUPA NI CHUPA"

MwanaShangani:
Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule yule wa seti za roketi za maji, zile za chupa unayotia maji kidogo, unaipampu hewa, unaiachia inaruka, mwenye bango kubwa kuliko duka lenyewe. Leo kafungua boksi la "roketi ya presha kubwa", ndani kaweka chupa ya maji ya kunywa. Ile laini, ukiigusa inalia kwacha kwacha. Kuambiwa seti inataka chupa ya soda, kanipandisha kanishusha mbele ya wateja, akasema: "Bwana mdogo, chupa ni chupa."

CHUPA. NI. CHUPA.

Chupa ya soda imetengenezwa kuhimili gesi. Ndiyo maana plastiki yake nene na kitako kina vidole vitano. Hii ya maji haikuumbwa kwa presha, ipeleke psi 60 (psi ni kipimo cha presha, kile cha kwenye pampu za matairi) uone kama hukuzikwa na kipande cha lebo. Na karatasi yake ya maelekezo inasema "pampu mpaka ijae". Ijae nini, imani? Hajaandika psi, hajaandika kiasi cha maji! Chupa ya lita 1.5 inataka maji kama nusu lita, nafasi iliyobaki ni ya hewa, maana hewa ndiyo inayosukuma. Ukiijaza mpaka shingoni inanyanyuka kama kuku wa kisasa na kutua hapo hapo.

Mabawa kakata kwa boksi la karatasi. Boksi! Kwenye kitu kinachotapika maji! Mruko wa kwanza yamelainika, wa pili roketi inapiga sarakasi. Hayo nasamehe. "Chupa ni chupa" sisamehi. Na "bwana mdogo" pia sisamehi.

KoroshoGhafi:
Akawaambie wakulima wa Newala siku ya mnada kuwa korosho ni korosho, daraja la kwanza na la pili bei moja. Atarudi na meno mangapi? 😂😂

FundiChikongola:
Pole mkuu, ila na wewe ulishindwa kugeuza kitako kabla ya kutoa hela? Uzi mrefu hivi kwa chupa inayookotwa bure nje ya baa!

Tafuta isiyo na mkwaruzo wala mkunjo. Usiioshe kwa maji ya moto, inasinyaa. Halafu ipime: ijaze maji pomoni, kaa mbali, pampu hadi psi 90. Ikipasuka imejaa maji inamwagika tu, ikipasuka na hewa inarusha vipande. Ikistahimili, rusha kwa 60, na mpira wa pampu usipungue mita 5.

MwanaShangani:
Hoja siyo bei mkuu. Hoja ni mtu mzima na ndevu zake kusema CHUPA NI CHUPA.

KakaWaMitwero:
Mnalilia chupa? Hamjakiona kirushio chake, kile cha kuchomekea chupa, bomba linaingia shingoni kupeleka hewa. Kaweka bomba la milimita 20. Ramani nyingi za mtandaoni ni za Wamarekani, na nusu inchi yao ina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, ndiyo inayobana shingo ya chupa. La 20 linapwaya, hewa fyuuu, mnapampu mpaka kitambi kinaisha. Dawa ni kuvisha oringi, ile pete ya mpira, na kupaka sabuni. Au pasha bomba moto pale shingo inapobana, lisukume livimbe kidogo, liache lipoe.

KoroshoGhafi:
Huko Lindi mna kirushio kweli, au mnarusha kwa manati?

MamaVipuri:
Supa gluu yake je? Mbona hamuisemi? Chupa ikijaa presha inatanuka, supa gluu haitanuki, bawa linabaki chini roketi imeondoka. Gundi ya moto nayo ikiwa kali inaikunja chupa. Piga msasa mpaka mng'ao utoke, tumia gundi ya poliyurethani. Mabawa kata ile plastiki ya mabango, yenye mifereji ndani, matatu yanatosha. Na mbele weka udongo wa mfinyanzi. Funga kamba pale roketi inapolingana uzito, izungushe kichwani. Ikitangulia pua, rusha. Ikitangulia mkia, ongeza udongo.

FundiChikongola:
Nakazia. Ila kinachoniudhi mimi ni parachuti. Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, yeye bado seti inasema "kata rambo". Tuikate wapi, makumbusho?

MamaVipuri:
Kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Mbavu nane, kamba nane, hakuna kupima. Kila kamba isiwe fupi kuliko upana wa kitambaa, la sivyo hakifunguki vizuri.

MwanaShangani:
Jamani tumetoka kwenye mada. Chupa ni...

KakaWaMitwero:
Bwana mdogo tulia, tunaongea mwavuli. Wa mtu mzima au wa mtoto?

MamaVipuri:
Wa mtoto. Wa mtu mzima mkubwa mno, kusi likivuma roketi ya Mtwara mtaifuata Lindi.

KakaWaMitwero:
Ikifika Lindi haturudishi.